KUKU WA RUFIJI HAKUKOSA JUA

Maneno yanavuma siku hizi miongoni mwa wafugaji wadogo kwamba mtu akitundika taa ya umeme wa jua katika banda lake, kuku wake watataga mwaka mzima bila kupumzika. Kwa ndugu zetu wa Kibiti na wa visiwa vya delta ya Rufiji, ambako yai ni chumvi, ni sabuni, na ni daftari la mtoto wa shule, habari kama hii si ndogo. Nasi hatukusudii kuipinga taa. Lakini neno lililo kweli mahali pamoja laweza kuwa nusu ya kweli mahali pengine, na kwa kuwa anayetakiwa kulipa ni mwananchi wa kawaida, yatupasa tulipime neno hili kabla hajatoa shilingi yake.

Kwanza tuipe taa haki yake. Kuku hutaga kwa kufuata urefu wa mchana. Nuru huingia machoni mwake, na nyingine hupenya hata mfupa wa kichwa mpaka kwenye ubongo, na ubongo ndio unaotoa amri: sasa taga, sasa pumzika. Mchana ukirefuka kuku huchangamka. Ukifupika hupunguza, na mwishowe huacha kabisa, akanyonyoka manyoya na kuota mapya. Wataalamu wameona kuwa kuku wa mayai hufanya kazi vizuri zaidi akipata nuru ya saa 14 mpaka 16 kwa siku. Wafugaji wa Marekani na wa Ulaya wamekuwa wakiwasha taa mabandani tangu mwanzo wa karne ya 20, na mayai yao wameyaona.

Lakini tuulize: kwa nini walianza wao? Walianza kwa sababu ya jua lao. Mjini London, mwezi wa Desemba, mchana ni kama saa 8, na mwezi wa Juni unapita saa 16. Kuku wa huko akifika majira ya baridi huona dunia imeingia giza, naye hufunga duka. Taa kwake ni jua la pili.

Sasa tuje kwetu. Kibiti iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta. Mchana wetu mrefu kuliko yote, mwezi wa Desemba, ni kama saa 12 na nusu. Mfupi kuliko yote, mwezi wa Juni, ni saa 11 na dakika 40 hivi. Tofauti ya mwaka mzima haifiki saa moja! Ndiyo maana wazee wetu waliweza kuhesabu saa kwa jua, saa 12 kuchomoza na saa 12 kuchwa, wasihangaike kusahihisha hesabu yao kila mwezi. Basi kuku wa Rufiji anapoacha kutaga, tusikimbilie kusema amekosa jua. Jua analo. Kuna vitu vingine alivyokosa, na hivyo ndivyo tunavyotaka kuvizungumza leo.

Mwangalieni kuku wetu wa kienyeji afanyavyo. Hutaga mayai 10 mpaka 15, kisha huyalalia. Huatamia siku 21, hali wala hanywi ila kidogo. Vifaranga vikitoka hutembea navyo miezi miwili, pengine mitatu, akivifundisha kupekua, akivifunika usiku na akipigana na mwewe mchana. Ndipo huanza tena. Kwa mwendo huo hupata zamu tatu au nne kwa mwaka, na mayai yake yote huwa kiasi cha 40 mpaka 60. Yule kuku wa kisasa wa mayai, anayesifiwa kwa kutaga 300, hufanya kazi moja tu. Haatamii, halei, wala hajui mwewe ni nini. Kazi hizo nyingine zimefanywa na mashine ya mjini, na mwenye kuku hana budi kwenda kununua vifaranga huko kila wanapokwisha waliopo. Kwa hiyo msimwite kuku wetu mvivu. Anafanya kazi tatu kwa ujira wa punje alizojiokotea mwenyewe.

Taa haimwondolei kuku huyu hamu ya kuatamia. Lakini mwenye kuku anaweza kuigawa kazi hiyo bila kununua kitu. Kuku wawili au watatu wakianza kuatamia siku moja, vifaranga wao wote wapewe mmoja alee, na wale wengine warudi kutaga. Vifaranga wakifika wiki nne watengwe na mama yao, walelewe katika kinengunengu, yaani boksi lenye joto la kulelea vifaranga, naye atataga tena kabla ya wakati wake wa kawaida. Wako akina mama wanaolifanya jambo hili kwa akili yao wenyewe, na hakuna aliyewaletea karatasi ya kutia sahihi.

Hata hivyo kuatamia si adui. Adui ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu ulitambuliwa na wataalamu mwaka 1926, huko kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle wa Uingereza, lakini wafugaji wetu hawahitaji kuelezwa ulivyo. Wanaujua kwa sura yake: kuku anashusha mabawa, anaharisha kijani, shingo inapinda, na katika siku chache banda lote limekuwa kimya. Ukiingia kwa kuku wasiochanjwa waweza kuua wanane katika kila kumi, na mara nyingine haubakizi hata mmoja. Mwenye kuku 20 asubuhi ya Jumatatu huwa hana kuku ifikapo Jumapili. Mtu huyo ukimuuzia taa, umemuuzia taa ya kumulika banda tupu.

Na dawa ya kinga ipo! Hapa ndipo tunapotaka wanachama wetu watege sikio. Chanjo iitwayo I-2, ambayo mbegu yake ilitayarishwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, hutengenezwa hapa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ubora wake mkubwa ni kwamba hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, ambazo zilikuwa zikiharibika mara zikitoka kwenye barafu. Hutiwa tone moja katika jicho la kila kuku mzima, mkubwa na mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Haihitaji sindano, na haihitaji daktari aliyesoma miaka saba. Kijana yeyote wa kijiji aliyefundishwa kwa siku chache aweza kuitia. Tena mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, na kuku wa kienyeji wamo ndani yake.

Kwa nini basi kuku wanaendelea kufa? Sababu moja ni hii: kichupa kimoja cha chanjo huwatosha kuku wa nyumba nyingi, na kikisha kufunguliwa hakiwekwi akiba kwa mwezi ujao. Mama mwenye kuku wanane hanunui kichupa cha kuku mia. Wenye nyumba 12 wakipatana siku moja, kila mmoja akatoa sehemu yake, gharama inakuwa ndogo sana. Kila mmoja akikaa peke yake, hakuna anayenunua, na mdondo hauulizi mpaka wa uwanja wa nani. Jambo hili halitaki fedha nyingi. Lataka watu wakutane, na kukutanisha watu ndiyo kazi ya tawi.

Kitu cha pili anachokosa kuku wetu ni chakula. Kuku wa mayai hutaka kiasi cha gramu 110 mpaka 120 za chakula kamili kila siku. Wetu hupewa mabaki, na mengine ajitafutie. Ukimwongezea saa nne za nuru usimwongezee chakula, umemwongezea saa nne za kuhisi njaa. Ubongo utatoa amri ya kutaga, lakini yai litatengenezwa kwa nini? Hapa Warufiji wamejaliwa kuliko watu wa sehemu nyingi. Bonde hili ni bonde la mpunga, na pumba haziko mbali. Delta ni nyumba ya kamba na uduvi. Vichwa vya kamba vilivyokaushwa na kutwangwa, ambavyo pengine hutupwa, vina nguvu ile ile ya kujenga mwili inayouzwa madukani kwa magunia. Makombe ya chaza yakisagwa hutoa chokaa ya ganda la yai. Kuku anayetaga mayai yenye ganda laini hadai taa, anadai makombe.

Ziko pia desturi za maisha ambazo anayeuza taa kutoka mjini hawezi kuzijua asipouliza. Mkulima wa mpunga wa Rufiji hana nyumba moja. Wakati wa kulima na wakati wa kuwinga ndege hushuka bondeni akaishi katika dungu, kile kibanda kirefu juu ya nguzo, ambacho maji yakipanda hupita chini yake na nguruwe hawakifikii. Kuku wake hubebwa katika tenga wakaenda naye, au huachwa kwa jirani. Taa iliyopigiliwa misumari juu ya paa la nyumba ya kijijini itawaangazia nani miezi hiyo? Afadhali taa ndogo ya kubebwa mkononi, inayoweza kutundikwa chini ya dungu, kuliko mtambo mzuri unaolinda nyumba tupu.

Bonde hili limezoea kuletewa mambo yaliyokatwa shauri mbali. Wajerumani waliwalazimisha wazee wetu wa Rufiji na Umatumbi kulima pamba wasiyoitaka, kwa ujira usiojaza kiganja. Na matokeo yake yalikuwa vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, ambavyo Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa kwa ajili yake pale Mohoro. Hilo lilikuwa la mkoloni. Lakini hata Serikali yetu wenyewe, baada ya mafuriko ya mwaka 1968, iliwahamisha watu kutoka bondeni kwenda sehemu za juu katika Operesheni Rufiji. Nia ilikuwa njema. Walakini mashamba yenye rutuba yalibaki chini, na watu wakawa wakishuka tena kulima, kwa kuwa mpunga haukuhamia juu pamoja nao. Hatufananishi taa na pamba ya Mjerumani, wala hatufananishi muuza taa na mkoloni. Tunakumbusha tu kwamba anayejua maisha ya mto ni yule anayekaa nao, na yeye ndiye wa kuulizwa kwanza.

Je, taa haina kazi basi? Inayo. Mfugaji aliyejenga banda imara, akachanja, akawa na chakula cha kutosha, na akafuga kuku wa mayai au machotara, huyo taa itamlipa. Kwake kutoka saa 12 za jua mpaka 14 au 15 ni faida halisi. Kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji pia taa ina msaada, ingawa si ule unaotangazwa: humwezesha mama kuwaona kuku wake akirudi shambani jioni, kuwahesabu, kuwapa chakula, na kugundua mgonjwa mapema. Kicheche na fungo hawapendi pahali penye mwanga, ijapokuwa mlango uliofungwa vizuri ni bora kuliko taa kumi. Na tahadhari moja wasiyoiambiwa wengi: taa hizi za sola hazina joto. Kifaranga wa siku moja akiwekwa chini ya taa ya sola atakufa kwa baridi huku anameremeta. Yeye ataka chungu cha makaa kilichokingwa, au mama yake.

Anayetaka kuitumia taa kwa ajili ya mayai na aitumie kwa kanuni. Nuru iongezwe alfajiri, si jioni. Taa ikizimwa ghafla usiku kuku hubaki sakafuni wasione pa kupanda. Ikiwashwa saa 9 au saa 10 za usiku na kuacha mpaka kupambazuke, jioni wanalala wenyewe kama kawaida. Haihitajiki nuru kali. Ukichuchumaa penye kichwa cha kuku ukaweza kusoma gazeti hili, imetosha. Mitetea wasimulikiwe kabla ya kukomaa, yaani kabla ya wiki 18 hivi, maana watataga mapema, mayai madogo, na miili yao itachakaa. Na kubwa kuliko yote, isikatike. Kuku aliyezoea saa 15 akirudishwa saa 12 kwa ghafla, ubongo wake husema majira yamegeuka, akaacha kutaga na kunyonyoka. Taa ya leo ipo kesho haipo ina hasara kuliko kutokuwa na taa.

Kwa ajili hiyo twaitazama kwa wasiwasi biashara ya taa za kulipia kidogo kidogo kwa simu. Kwa mwanga wa nyumbani mpango huo umewasaidia watu wengi, nao wanaupenda kwa haki. Lakini taa hizo hujifunga zenyewe malipo yakichelewa. Kwa mtoto anayesoma, usiku mmoja wa giza si msiba. Kwa kuku ni habari nyingine. Mama akikosa shilingi za wiki mbili, taa inajifunga. Taa ikijifunga, kuku wanaacha kutaga. Kuku wakiacha kutaga, atapata wapi shilingi za kuifungulia? Na wakati unaofaa sana kukosa shilingi ni masika, kabla mpunga haujaiva, wakati ule ule ambapo mawingu hukaa siku nyingi na betri ndogo haijai. Asiyeweza kupiga hesabu ya mwezi wa Aprili asitie sahihi mwezi wa Januari.

Mwezi wa Aprili una kumbukumbu yake huku. Mwaka 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na kuku wa watu walikwenda na maji. Mwaka huo huo, juu ya mto huo huo, mashine ya kwanza ya bwawa la Mwalimu Nyerere ilianza kutoa umeme, katika mtambo uliojengwa kwa megawati 2,115. Twajivunia kazi hiyo, kwa kuwa ni ya Taifa zima. Lakini mwananchi wa kitongoji cha delta ambacho nguzo hazijafika, anayekaa mwisho wa mto unaowasha miji yote, ana haki ya kuuliza zamu yake ni lini, na ana haki ya kuuliza bila kuonekana mkorofi.

Limebaki suala la soko. Tuseme kila kitu kimekwenda vizuri na mayai yameongezeka. Yai la Mbwera au la Kiongoroni lazima lipande mashua kwanza ndipo lione barabara, na kutoka Kibiti mpaka Dar es Salaam ni karibu kilomita 140. Mchuuzi mmoja akija kijijini na tenga lake, na kila mama akiuza peke yake mayai manane, bei anaipanga mchuuzi. Mayai yakizidi bila watu kuungana, mwenye kunufaika kwa taa iliyonunuliwa na mama atakuwa mchuuzi. Wakulima wa korosho na ufuta wa Pwani wana vyama vyao vya msingi na Chama Kikuu chao cha CORECU, ambako mazao hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa pamoja mbele ya wanunuzi wengi. Haupo msahafu unaosema yai haliwezi kukusanywa. Hata pasipo chama kikubwa, kikundi cha akina mama 15 chenye trei, daftari na simu moja kinaweza kukataa bei ya ovyo, jambo ambalo mtu mmoja hawezi.

Tumesema akina mama, na hatukukosea. Kuku wa vijijini ni mali ya mwanamke mara nyingi kuliko mali nyingine yoyote ya nyumba. Baba huuza korosho. Mama huuza yai. Kwa hiyo shauri la taa, la chanjo, au la mkopo lisikatwe na wanaume barazani, kisha mama akaletewa deni jioni. Twawaomba wenyeviti wa vijiji waliangalie hili. Na kama taa zitakuja, mafundi wawe wa kijiji, na wanawake wawemo: huko Kinyasini, Unguja, akina mama wa vijijini, wengine wasiokwenda shule sana, wamefundishwa kuunda na kutengeneza mitambo ya sola, nao wameiweza. Taa inayongoja fundi kutoka Dar es Salaam huharibika mara mbili.

Wanachama wa matawi ya Kibiti, Bungu, Nyamisati na ya delta yote, katika mkutano wenu ujao mwiteni Bwana Mifugo wa kata, mkae naye kwa heshima, na mmwulize mambo matatu. Chanjo ya mdondo itatiwa lini katika kijiji hiki, tarehe gani? Kichupa kitahifadhiwa kwa nani? Na nani wawili, mmoja wao mwanamke, watakaofundishwa kutia lile tone? Majibu yaandikwe katika daftari la tawi, na baada ya miezi mitatu daftari lifunguliwe tena. Anayetaka kuzungumza habari za taa apewe nafasi siku hiyo ya pili, kuku wakiwa wangali hai.